Kwa Rais na Bunge la Sri Lanka: onyo mlikuwa nalo, na sheria mlikuwa nayo

Kwa Mheshimiwa Rais Anura Kumara Dissanayake,
Kwa Waheshimiwa Wabunge,
Kwa wakuu wa polisi na wa idara za ujasusi,
Colombo.

Waheshimiwa,

Pokeeni salamu kutoka Mombasa, ng'ambo hii ya bahari inayopiga pia fukwe za Negombo na Batticaloa. Sina cheo chochote na hakuna aliyenituma. Ni mwananchi wa nchi ambayo nayo imezika watu wake kwa mafungu: Westgate mwaka 2013, Garissa 2015, Dusit 2019. Baada ya kila msiba tulisikia maneno yaleyale kutoka kwa wakubwa wetu: tupeni sheria kali zaidi, tupeni nguvu zaidi, na hili halitatokea tena. Maneno hayo hata kwenu yanajulikana. Ndiyo maana nimeona nisinyamaze wakati mjadala wa kuiondoa Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya 1979, na wa kuweka nyingine mahali pake, uko mikononi mwenu.

Ninachotaka kusema ni hiki. Watu waliouawa kwa mabomu makanisani na hotelini Jumapili ya Pasaka, tarehe 21 Aprili 2019, hawakufa kwa sababu dola ilipungukiwa na mamlaka. Mamlaka yalikuwepo tele, na onyo lilikuwepo. Aliyekosekana ni mtu wa kunyanyuka kitini na kulifanyia kazi. Sheria yoyote isiyoanzia hapo itawaangukia watu wasiohusika, na mlango walioingilia wauaji mtakuwa mmeuacha wazi.

Tarehe zenyewe zinauma. Tarehe 4 Aprili idara yenu ya ujasusi ilipokea taarifa kutoka India kwamba kundi la mhubiri wa siasa kali, Zahran Hashim, lilikuwa linapanga mashambulio ya kujitoa mhanga, na kwamba makanisa na Ubalozi wa India vilikuwa miongoni mwa shabaha. Tarehe 9 barua ikaandikwa kwa Inspekta Jenerali wa Polisi. Tarehe 11 barua nyingine ya ndani ya polisi ikapelekwa kwa vikosi vinavyolinda mawaziri, majaji na mabalozi. Tarehe 20, mkesha wa Pasaka, tahadhari ikaja tena.

Naomba mtulie kidogo hapo kwenye tarehe 11. Walinzi wa wakubwa waliambiwa. Mapadri hawakuambiwa, wachungaji hawakuambiwa, wala mabawabu wa hoteli. Kardinali Malcolm Ranjith amesema wazi kwamba angelijua, angezifuta misa za siku ile. Watu wangekaa nyumbani, wakasali na watoto wao, na leo wangekuwa hai. Kila nikisoma habari hii, hapo ndipo ninaposhindwa kuendelea. Kumbe kulikuwa na njia rahisi kiasi hicho, isiyohitaji bunduki, wala sheria mpya, wala hata shilingi moja. Ilihitaji simu tu.

Ilipofika saa tatu kasorobo asubuhi, kanisa la Mtakatifu Anthony pale Kochchikade na la Mtakatifu Sebastian pale Katuwapitiya yalikuwa yamejaa waumini. Hoteli za Shangri-La, Cinnamon Grand na Kingsbury zilikuwa zinaandaa kifungua kinywa cha sikukuu. Waliokufa siku ile walizidi 260.

Kule Batticaloa, kwenye Kanisa la Zion, watoto walikuwa wametoka kwenye mafundisho ya Jumapili, wako uani wanakula. Mtu mgeni akaja na begi kubwa, akasema ana vifaa vya kupigia picha na anataka kurekodi ibada. Muumini mmoja, baba wa watoto wawili, hakuridhika naye. Akamwambia lazima aombe ruhusa kwanza, akamzuia asiingie ndani ambako mamia ya watu walikuwa wameketi. Bomu likalipuka nje. Baba yule alikufa, na watoto waliokuwa uani wakafa naye. Hakuwa na silaha wala kitambulisho cha usalama, na hakuna ofisa aliyekuwa amemwonyesha barua yoyote. Kwa dakika chache alizokuwa nazo aliifanya kazi iliyozishinda ofisi nzima kwa siku 17.

Kwa nini kazi hiyo ilizishinda? Kamati teule ya Bunge lenu ililichunguza jambo hili, na tume ya rais pia. Sababu kubwa inajulikana. Oktoba 2018 Rais Maithripala Sirisena alimfukuza kazi Waziri Mkuu Ranil Wickremesinghe, Mahakama ya Juu ikaingilia kati, na Waziri Mkuu akarudi ofisini Desemba. Baada ya hapo wawili hao waliishi kama watalaka waliofungiwa chumba kimoja. Waziri Mkuu haitwi tena kwenye vikao vya Baraza la Usalama wa Taifa. Rais ameshika Ulinzi, ameshika na Polisi, na siku mabomu yanalipuka yuko Singapore. Kila ofisi iliyopata onyo ilimwandikia mwingine, ikahesabu kazi imekwisha. Januari 2023 Mahakama ya Juu iliamua kwamba uzembe huo ulivunja haki za msingi za wananchi, ikamwamuru Sirisena alipe rupia milioni 100 kutoka mfukoni mwake, na wakuu wa polisi, wa ujasusi na wa Wizara ya Ulinzi nao wakapangiwa chao. Hukumu ile ni ya heshima. Nchi nyingi, pamoja na yangu, hazijawahi kuona rais mstaafu akiamriwa kulipa kwa sababu ya onyo ambalo halikufanyiwa kazi.

Lakini lipo onyo jingine la kabla ya lile la India, na hili ndilo linalonifanya niandike. Lilitoka kwa Waislamu wenyewe. Kattankudy, mji aliozaliwa Zahran, watu walimjua kuwa ni hatari miaka mingi kabla dunia haijasikia jina lake. Walimlalamikia polisi. Waliandamana. Machi 2017 watu wake waliwashambulia Masufi wa mji huohuo, hati ya kumkamata ikatolewa, naye akatoroka, na hati ikabaki karatasi. Desemba 2018 sanamu za Budha zilivunjwa Mawanella. Muislamu mmoja, msaidizi wa waziri, akawasaidia polisi kuwafuatilia waliohusika. Januari 2019 upelelezi huo ukawafikisha polisi kwenye shamba la minazi Wanathawilluwa, na huko wakakuta shehena ya vilipuzi. Machi, msaidizi yule alipigwa risasi ya kichwa akiwa amelala nyumbani kwake. Alinusurika, lakini mwili wake haukuwa tena ule wa zamani.

Yaani kabla ya Pasaka mlikuwa na jina, mlikuwa na hati ya kukamata, mlikuwa na vilipuzi vilivyokwisha kupatikana, na mlikuwa na raia aliyemwaga damu yake kwa sababu aliwaamini. Hata baada ya milipuko raia hao hawakurudi nyuma. Tarehe 26 Aprili, kule Sainthamaruthu, ni wakazi Waislamu waliowatilia shaka wapangaji wageni wakawataarifu wenye dola, na ndivyo ilivyopatikana nyumba waliyokuwa wamejificha ndugu wa Zahran. Viongozi wa Kiislamu walikataa kuwazika walipuaji.

Sasa dola iliwalipa nini watu hao? Tarehe 29 Aprili ilipiga marufuku kufunika uso. Katikati ya Mei magenge yalivamia misikiti, maduka na nyumba za Waislamu Kuliyapitiya na Minuwangoda, na mtu mmoja akauawa nyumbani kwake wilayani Puttalam, ilhali nchi ilikuwa chini ya hali ya hatari na wanajeshi wamejaa barabarani. Wakati huohuo, kule Hasalaka, mwanamke mmoja wa Kiislamu alikamatwa kwa sababu ya gauni alilovaa. Lilikuwa na michoro ya usukani wa meli. Polisi walisema ni gurudumu la dini ya Budha na kwamba ameikashifu. Akakaa mahabusu wiki kadhaa, mwanamke wa kijijini, kwa ajili ya nguo aliyoinunua dukani kama mtu mwingine yeyote. Miaka minne baadaye Mahakama ya Juu ikasema haki zake zilivunjwa.

Mwaka uliofuata milipuko ile ikaja zamu ya wakili Hejaaz Hizbullah, aliyekamatwa Aprili 2020 na kukaa ndani karibu miaka miwili kabla ya kupata dhamana. Ikaja zamu ya mwalimu kijana aliyeandika mashairi kwa Kitamil. Wapelelezi walidai mashairi yake yanachochea siasa kali, ilhali ndani yake alikuwa anaulaani umwagaji damu. Mimi natoka pwani ambako shairi husomwa harusini, msikitini na kwenye mkutano wa siasa, na nikifikiria mtu kufungiwa mwaka mmoja na nusu kwa mashairi ambayo waliomkamata hawakuyaelewa, moyo wangu unachafuka. Mwishowe mahakama ilimwachia huru. Na wakati wa korona, maiti za Waislamu zilichomwa moto kwa amri ya serikali mpaka Februari 2021, ingawa Shirika la Afya Duniani lilisema kuzika kunaruhusiwa.

Mheshimiwa Rais, mengi kati ya haya yalifanyika kabla hujaingia Ikulu, na wewe mwenyewe uliahidi kwenye ilani ya chama chako kwamba Sheria ya Kuzuia Ugaidi itafutwa. Hata hivyo Machi 2025, chini ya serikali yako, kijana wa miaka 22 aliwekwa kizuizini kwa sheria hiyohiyo kwa sababu ya kubandika stika ya kuilaani Israel. Aliachiwa baada ya kelele kuwa nyingi. Sasa jiulizeni: ofisa aliyemkamata alikuwa anazuia bomu gani? Na saa alizozipoteza kwa stika, nani alikuwa anasoma taarifa za kweli?

Najua mkuu wa usalama atasema nini akisoma barua hii. Atasema kwamba mwananchi wa kawaida hajui vita hivi, kwamba mlipuaji hasubiri hati ya mahakama, na kwamba bila kuwashikilia watu kwa muda mrefu hakuna siri itakayotoka. Mimi nambishia kwa jambo moja tu: sheria anayoitetea ilikuwepo asubuhi ya Pasaka. Ilikuwa imekaribia kutimiza miaka 40. Ilipitishwa 1979 kama ya muda, ikafanywa ya kudumu 1982, ikawaruhusu mawaziri kumweka mtu ndani hadi miezi 18 bila kufikishwa mahakamani, na ikaruhusu ungamo alilolitoa mtu mbele ya polisi litumike kumfunga. Watamil wengi waliteswa chini yake wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe. Pamoja na ukali wake wote haikumgusa Zahran Hashim, kwa sababu hakuna aliyeitumia hata hati ya kawaida iliyokuwa tayari imetolewa dhidi yake.

Na ninajua jambo lingine ambalo kila askari mwaminifu wa mtaani analijua. Habari za magaidi hutoka kwa watu: kwa mpangishaji nyumba, kwa imamu aliyesikia mahubiri ya ajabu, kwa mama aliyeona mwanawe amebadilika, kwa mwenye duka aliyeuza mbolea nyingi kuliko kawaida. Mtu huyo kabla hajafungua mdomo hupima. Nikienda kituoni, nitasikilizwa? Jina langu litafichwa? Au nitageuziwa kibao nami niulizwe nimeyajuaje haya? Kila mnapomkamata mshairi au mwanamke wa gauni, mnamjibu mtu huyo, naye anaamua kunyamaza. Sisi huku tumeyaona. Aprili 2014 maelfu ya watu, wengi wao Wasomali, walikusanywa mitaani, hasa Eastleigh, na wengine wakafungiwa uwanja wa Kasarani. Desemba mwaka huohuo, baada ya mauaji ya Mandera, Bunge letu lilipitisha katikati ya vurugu sheria mpya ya usalama iliyoongeza nguvu za dola, na Februari 2015 Mahakama Kuu ikafuta baadhi ya vifungu vyake. Tarehe 2 Aprili 2015 magaidi wakaingia Chuo Kikuu cha Garissa alfajiri. Walikufa watu 148, karibu wote wanafunzi. Tahadhari kwamba vyuo vikuu viko hatarini ilikuwa imetolewa siku chache kabla, na kikosi maalumu cha kuwaokoa kilifika baada ya saa nyingi, wakati wazazi wanapigiwa simu na watoto wao waliojificha chini ya vitanda. Nguvu mpya zilikuwa zimeshatolewa. Hazikuwafaa kitu vijana wale.

Huko kwenu Asia mnao mfano wa karibu wa kufanya vizuri zaidi, nao ni Indonesia, ingawa si wa kuigwa wote. Mabomu ya Bali ya tarehe 12 Oktoba 2002 yaliua watu 202. Serikali ya Jakarta iliweka kazi mikononi mwa polisi, si jeshi. Wapelelezi chini ya Made Mangku Pastika, wakisaidiwa na wenzao wa Australia, waliokota mabaki ya gari la Mitsubishi L300 lililobeba bomu, wakapata namba iliyobaki kwenye chuma, wakaifuatilia kutoka mwenye gari mmoja hadi mwingine mpaka wakamfikia Amrozi, mmoja wa walipuaji, kule Java Mashariki. Alikamatwa tarehe 5 Novemba, mwezi haujatimia. Kesi zilisikilizwa hadharani, taifa zima likaona ushahidi na kusikia walipuaji wakisema kwa vinywa vyao walichofanya, na wale waliokuwa wakidai kwamba yote ni njama za Marekani wakaishiwa maneno. Mwaka 2004 Mahakama ya Katiba ilipoamua kwamba sheria ya ugaidi iliyotungwa baada ya tukio haiwezi kutumika kurudi nyuma, nchi haikuporomoka. Mlipuaji mwingine, Ali Imron, alijuta, akahukumiwa kifungo cha maisha, na tangu hapo amekuwa akizungumza na vijana na wafungwa kuwaambia wasipite alikopita. Mwaka 2024 viongozi wa Jemaah Islamiyah, kundi lililohusika na mabomu ya Bali, walitangaza wenyewe kwamba kundi lao limevunjwa. Indonesia ina madoa yake: kikosi chake cha polisi cha kupambana na ugaidi, Densus 88, kimewaua washukiwa wengi ambao wangeweza kukamatwa, na waathirika wengi wa zamani, wakiwemo wa Bali, walisubiri mpaka Desemba 2020 kupewa fidia ya serikali. Lakini kazi ya subira ya mpelelezi anayefuata namba ya gari ilizaa matunda ambayo magereza ya siri hayajazaa popote.

Kwingine msiende kutafuta mafunzo. Marawi, kule Ufilipino, ilikombolewa kutoka kwa wapiganaji wa siasa kali mwaka 2017 baada ya miezi mitano ya mabomu, na katikati ya mji pakabaki vifusi, watu zaidi ya 350,000 wakiwa wameyahama makazi yao. Kashmir, upande wa India, baada ya watu 26 kuuawa Pahalgam mwezi Aprili 2025, nyumba za familia za washukiwa zililipuliwa bila kesi yoyote, ilhali mmoja wa waliokufa siku ile alikuwa Muislamu wa hapohapo, mwongoza farasi wa watalii, aliyejaribu kumpokonya muuaji silaha.

Haya ndiyo ninayowaomba. Ifuteni Sheria ya 1979 kama mlivyoahidi, na msiirudishe kwa jina jipya; miswada ya kuibadilisha imekuwa ikija tangu 2018, na kila mara watetezi wa haki wamekuta ndani yake mambo yaleyale ya zamani. Mtu akikamatwa afikishwe mbele ya hakimu haraka, na ungamo la kituoni lisimfunge mtu. Kisha andikeni ile sheria ambayo haijawahi kuandikwa: inayomlazimisha ofisa anayepokea onyo la uhai wa watu aandike saa aliyolipokea, hatua aliyochukua, na nani aliyemjulisha miongoni mwa walio hatarini, padri kwa padri, msikiti kwa msikiti, hekalu kwa hekalu. Akishindwa, ashtakiwe yeye mwenyewe, hata akiwa Rais. Baraza la Usalama wa Taifa liwe na wajumbe waliotajwa na sheria, ambao hakuna mtu mwenye kinyongo anayeweza kuwafungia mlango.

Wekeni pia ulinzi na matunzo kwa raia wanaotoa habari, na muanze na yule aliyepigwa risasi Machi 2019, mumlipie matibabu maisha yake yote na mseme hadharani, mbele ya Bunge, kwamba taifa lina deni kwake. Mwanamke wa Hasalaka, mwalimu mshairi na wengine waliofungwa bure waombwe radhi na serikali, kwa maandishi.

Na familia za Katuwapitiya, Kochchikade na Batticaloa, ambazo kila Pasaka huwasha mishumaa na kuuliza swali lilelile, zijibiwe. Chapisheni ripoti zote kamili, bila kurasa zilizofichwa. Zimeomba kuambiwa nani alijua, alimwambia nani, na lini, na kama kuna aliyewalinda wauaji kwa faida ya siasa, jina lake litajwe mahakamani.

Wasalaam,

Mwananchi wa Mombasa, Kenya